Tembo Wawili kwenye Foleni

Luyando Mudenda aliujua wivu wake kama mtu anavyolijua jino bovu. Kila asubuhi aliligusa kwa ulimi kuona kama bado linauma, na kila asubuhi liliuma.

Liliuma kwa sababu ya Sibonile Ndlovu wa kidato cha nne. Sibonile alikuwa na kitanda cha dirishani. Alikuwa na rafiki, Nomagugu, aliyemsuka nywele kila Jumapili na kumgawia sukari kutoka kwenye kopo lake. Wasichana wakimwona walimpisha njia, wakamwita "Ndlovu wetu". Na katika bweni zima, Luyando peke yake ndiye aliyejua kwamba Sibonile ni Choolwe, binti wa baba yake mkubwa, na kwamba walikua pamoja Binga, kwa Watonga, wakioga beseni moja.

Mtu asiseme Choolwe alidanganya. Watu wa Mudenda ni ukoo wa Tembo, na Ndlovu ni tembo kwa Kindebele, lugha ya bwenini. Alilitafsiri jina la ukoo tu. Lakini pamoja na jina aliivua Binga yote, na siku Luyando alipofika shuleni Hwange na sanduku lake la bati, dada yake alimvuta nyuma ya choo akamwambia, "Mdogo wangu, nakuomba. Hapa hatujuani."

Wiki hiyohiyo wasichana walimzunguka Luyando kitandani.

"Wewe wa Binga! Vua viatu tuhesabu."

"Mhesabu nini?"

"Vidole! Si ninyi Watonga mna viwili viwili, kama mbuni?"

"Na mkia je, unauficha wapi?"

Alivua. Alidhani wakiona vitano na vitano yatakwisha. Wakahesabu kwa sauti mpaka kumi, wakacheka vilevile. Sibonile alikuwa mlangoni na taulo begani, naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote. Tangu siku hiyo Luyando alilala na soksi. Alianza kuvichukia vidole vyake, na aliposoma darasani aliyameza maneno ili lafudhi isisikike. Mwalimu wake mmoja tu ndiye aliyeona. Alimhamishia dawati la mbele, ambako mtu husikika hata akinong'ona.

Muhula wa pili alikuja mpishi mpya, mama mnene mwenye kitambaa chekundu kichwani. Mara ya kwanza Luyando alipofika mbele ya sufuria, mpishi alimwuliza jina. Alilitamka kwa kunong'ona.

"Mudenda?" Mama yule akaliacha pawa, akahamia Kitonga. "Tembo! Ndiyo maana ugali unaisha foleni haijafika nusu! Mimi Mama Mutinta, mtu wa Fisi. Sogea nikuone, mharibu mashamba wewe!"

Nyumbani, Tembo na Fisi ni watani. Hata msibani hutukanana, na anayenuna ndiye mwenye makosa. Miezi mitano Luyando alikuwa hajatukanwa na mtu anayempenda. Jibu lilimtoka lenyewe.

"Ugali unaisha kwa sababu fisi kapewa funguo za jiko!"

Mama Mutinta akacheka mpaka akashika meza, akamwongezea dagaa. Luyando naye akacheka, kicheko cha nyumbani, cha kupiga makofi. Ikawa hivyo kila mchana. Akaanza kunenepa kidogo.

Basi angetosheka. Lakini wivu haushibi dagaa. Siku moja alimwona Nomagugu akimfunga Sibonile utepe mpya wa nywele, akifanya polepole ili asimvute, na lile jino likampiga mpaka sikioni. Akaenda jikoni.

"Mama Mutinta, yuko tembo mwingine humu. Yule mrefu, mwenye utepe. Ni Mudenda yule. Mtanie."

"Kweli? Na hajaniamkia? Ngoja nimwoneshe!"

Mchana ule Luyando hakukimbilia chakula. Alisubiri. Sibonile alifika mbele ya sufuria, Nomagugu nyuma yake, na Mama Mutinta akampigia kelele kwa Kitonga, "Wewe tembo wa utepe! Masikio yote hayo, huzisikii salamu za fisi?"

Foleni nzima ikageuka. Sibonile aliishika sahani kwa mikono miwili.

"Anamwongelesha nini huyu?" Nomagugu aliuliza. "Mama, huyu si Mtonga!"

Mama Mutinta alimtazama yule binti usoni, kitambo kidogo tu. Kisha akasema kwa Kindebele, kwa upole, "Nisamehe, mwanangu. Macho yangu yamezeeka, nimekufananisha." Akampakulia, akamwongezea mchuzi.

Luyando alipoleta sahani yake, mama yule hakutania.

"Siku nyingine," alisema, "usinipe mtu wa kumtukana asiyeweza kunijibu."

Jumamosi walikutana bombani, kila mmoja na ndoo yake ya nguo. Hakukuwa na mtu karibu. Choolwe aliongea Kitonga, kwanza kwa kukwama, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Ni wewe uliyemwambia."

"Ndiyo."

"Ulitaka nini?"

"Nilitaka na wewe uhesabiwe."

Choolwe aliikamua sketi mpaka maji yakaisha, akaendelea kuikamua. "Ile siku ya kwanza nilikusikia ukicheka kule jikoni. Nilikaa na sahani yangu nikakuonea wivu mpaka chakula kikanishinda."

"Wewe? Unionee wivu mimi?"

"Mimi. Alikuambia nini mpaka ukacheka vile? Niambie."

Luyando aliutia mkono kwenye povu. Kile kicheko kilikuwa kitu chake pekee katika shule nzima. Dirisha, sukari, utepe, vyote vya mwenzake; hata hiki anakitaka?

"Kaulize mwenyewe," akasema, akabeba ndoo yake.

Jumatatu ilikuwa siku ya nyama. Mama Mutinta alimpakulia Sibonile kwa adabu, bila neno. Sibonile hakuondoka. Aliitazama sahani, kisha akasema kwa Kitonga safi, "Nyama tupu leo, Mama Mutinta. Mifupa ameimaliza nani?"

Mama Mutinta alipiga yowe la furaha, akaangusha pawa, akaja kumkumbatia juu ya meza, mikono imejaa mchuzi. Lilikuwa tusi zuri kuliko yote aliyowahi kuyatunga Luyando, na Luyando alilijua hilo papo hapo, na likamuuma.

Sibonile aligeuka na sahani yake. Kwenye benchi lao la kila siku, Nomagugu alikuwa ameweka daftari mahali pake, akatazama pembeni. Mtu mmoja akaguna. Mwingine akasema, "Kumbe!" Choolwe akabaki amesimama katikati ya ukumbi, utepe ukiwa umelowa mchuzi.

Luyando alimtazama. Jino bado lilikuwa linauma. Akasogea kwenye benchi lake, kidogo tu, kiasi cha mtu mmoja mwembamba, akaivuta sahani yake kumpa nafasi.

"Njoo ukae, dada," akasema. "Chakula kinapoa."