Ushuhuda wa Koki

Fundi bomba mmoja, ambaye kanisani kwao walimwita Ndugu Koki, alipanda treni ya asubuhi kwenda kwa kaka yake, aliyekuwa amejenga nyumba na sasa anataka choo cha ndani kama watu wengine. Alibeba mfuko wa vifaa, mkate, na agizo la mchungaji. Mchungaji alikuwa amewaambia waumini kwamba abiria anayekaa karibu nawe safarini hakukaa pale kwa bahati. Ameletwa, na ukishuka bila kumwambia habari za Yesu, utaulizwa siku ya mwisho. Koki alikuwa mtu wa kuogopa maswali.

Aliyeletwa alikuwa mama mmoja wa makamo, mnene, mwenye kitambaa cha kijani kichwani na kikapu mapajani alichokikumbatia kama mtoto mwenye homa. Viti vyao vilitazamana. Upande wa pili wa njia alikaa bwana mwenye koti la kijivu, anayeongea na simu kwa sauti ya mtu wa mnadani.

Koki alimwamkia mama, akamfungulia dirisha, akangoja treni ishike mwendo.

"Mama, unamjua Yesu?"

"Namsikia tu," mama akasema. "Hatujakutana."

Koki hakujua kama anataniwa au anajibiwa. Alichojua ni kwamba maandiko huingia sikio hili yakatokea lile, ila ushuhuda hukaa. Shida ni kwamba ushuhuda wake ulikuwa mwepesi kama uji wa mgonjwa. Kanisani kwao kulikuwa na ndugu aliyewahi kuwa jambazi, na siku akisimama kushuhudia, wanakwaya hulia mpaka poda inawachuruzika. Kulikuwa na dada aliyewahi kuendesha baa na kuvunja ndoa za watu. Koki yeye hata kulewa hakuwahi, maana pombe ilimpa kiungulia. Kila alipopewa nafasi ya kushuhudia, waumini waliitumia kwenda msalani.

Basi siku ile, mbele ya mtu asiyemjua, akaazima maisha ya jambazi.

"Unayemwona hapa, mama, nilikuwa mwizi. Mwizi hasa, si wa kuokoteza."

Mama akageuza shingo polepole. Ndiyo kwanza anamtazama usoni. "Mwizi wa nini?"

"Wa chochote. Maduka, magari. Simu za watu nilikuwa nazichuma kama mboga. Nikafungwa, nikatoka, nikafungwa tena."

Alitegemea mama atarudi nyuma. Mama akasogea mbele.

"Ulipokuwa ndani, mama yako alikuja kukuona?"

"Alikuja kila mwezi," Koki akasema. Mama yake alikuwa nyumbani wakati huo, anauza vitunguu, na geti la gereza hakuwahi kuligusa.

"Wewe ulimpokeaje?"

"Mwanzoni nilimkasirikia. Baadaye nikalia."

"Alikwambia neno gani mpaka ukageuka?"

Koki akashika la kwanza lililomjia. "Aliniambia, mwanangu, Yesu anakupenda."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Midomo ya mama ikacheza bila sauti, kama mtoto anayekariri. Koki alipoona anasikilizwa namna ile, utamu ukampanda kichwani. Akaongeza bunduki. Akaongeza kukimbizwa juu ya mabati usiku, risasi zinapita masikioni. Sauti ikapanda, na mikono nayo. Behewa zima likanyamaza, hata mwenye koti akakata simu yake asikilize.

Simulizi ilipofika katikati ya mapigano na polisi, mkaguzi wa tiketi akaingia. Mwenye koti akapapasa mfuko wa koti, akapapasa wa suruali, akasimama.

"Simu yangu haipo."

Watu hawakugeuka kutafuta. Walimtazama Koki.

"Mwizi si amejitangaza mwenyewe," akasema mtu kwa nyuma.

Mkaguzi akamwambia Koki afungue mfuko. Ukatoka msumeno wa chuma, koleo, tochi, na spana kubwa kama mguu wa mbuzi.

"Hivi vya nini?"

"Vya bomba."

"Bomba la nani?"

"La kaka yangu. Jamani, mimi sijawahi kuiba kitu. Nilikuwa nadanganya."

"Ulikuwa unadanganya saa zile," mkaguzi akauliza, "au unadanganya sasa?"

"Saa zile. Nilikuwa nashuhudia."

Behewa likapasuka kwa kicheko, lakini mkaguzi hakucheka. Alikuwa ameshamshika Koki kola aliposikia sauti ya mama.

"Mwache. Hajaiba."

"Unamfahamu?"

"Simfahamu, na sitaki. Lakini tangu tulipotoka mikono yake ilikuwa hewani inapiga bunduki. Angeiba kwa meno? Wewe mwenye koti, hebu nyanyua miguu utazame chini ya kiti."

Mwenye koti akainama. Simu ilikuwa sakafuni, nyuma ya kisigino chake. Aliposikia habari za wizi aliihamisha kutoka mfukoni akaikalia, iwe salama, na aliposimama kwa hofu ikadondoka. Alieleza haya kwa sauti ndogo, tofauti sana na ile ya mnadani. Mkaguzi akaachia kola, akatoboa tiketi, akaenda zake.

Koki akarudisha vifaa mfukoni. Alimshukuru mama. Mama alikuwa anatazama nje.

"Nina mtoto gerezani," akasema, bado anatazama nje. "Kwa wizi, wa kweli. Ndiko ninakokwenda. Kila nikienda ananipa mgongo. Nilikuwa nakusikiliza, moyoni nasema, leo nimepata neno la kumpelekea. Kumbe umelitoa mfukoni mwako."

Koki alitamani risasi zile za uongo zimpate.

"Nisamehe, mama."

"Usiombe msamaha mbio hivyo. Kaa nalo kidogo."

Akakaa nalo. Vituo vikapita. Alitoa mkate, akaurudisha.

Hatimaye mama akageuka. "Haya. Huko kanisani ulifikaje? Na ukinidanganya tena namwita mkaguzi."

"Niliitwa kuzibua choo," Koki akasema. "Ilikuwa Jumapili, choo cha kanisa kimefurika na ibada inaendelea. Nikaingia shimoni mpaka kifuani. Nilipotoka, hata nzi walikuwa wanangoja nioge. Watu wote wakapita mbali, Biblia puani. Bibi mmoja akatoka na sabuni na ndoo ya maji ya moto, akanisugua mgongo kwa mkono wake, huku anaimba pambio lililokuwa linaimbwa ndani. Hakuziba pua. Akaniuliza kama nimekula. Jumapili iliyofuata nikarudi, na choo kilikuwa kizima. Ndiyo hayo tu, mama. Ushuhuda wangu wote ni mavi."

Mama alibana midomo, ikamshinda. Alicheka mpaka kikapu kikaruka mapajani.

"Kwa nini hukuanza na huo?"

"Hauna bunduki."

"Mpumbavu wewe," mama akasema, lakini kwa upole. "Nitampelekea huo. Na wa bunduki pia, na wa bwana aliyekalia simu yake. Tangu afungwe hajacheka. Akigeuka hata kwa kunicheka mimi, nitakuwa nimeuona uso wake. Hayo ya kuokoka ataongea na Yesu mwenyewe."

Kituo cha mama kilipofika, Koki alimshushia kikapu. Mama hakuondoka.

"Si mnaombaga nyie? Niombee."

Kwa kawaida Koki akiomba, anaanzia uumbaji. Safari hii maneno marefu yalimkimbia.

"Mungu, mama huyu anamwendea mwanawe. Mgeuze amtazame. Amina."

"Imeisha?"

"Imeisha."

"Amina," mama akasema, akapandisha kikapu kichwani, akaenda.

Koki aliporudi ndani, abiria bado walivuta mizigo yao karibu alipopita. Mwenye koti alikuwa amehamia kwenye kiti cha mama, simu ameikaza mkononi. Alikohoa.

"Huyo bibi wa sabuni," akauliza, "bado yupo?"

"Alifariki."

"Pole."

"Alikuwa na mkono mzito," Koki akasema. "Mgongo uliniwasha wiki nzima."

Akakata mkate, akampa nusu. Mwenye koti akabadilisha simu mkono, akapokea.