Maoni ya Mwamuzi Kuhusu Bendi ya Kutu

Naandika haya kwa heshima na taadhima, maana historia ya muziki ikiachiwa watu wazima itaandikwa bila kuitaja gereji ya mjomba wangu Erastus.

Gereji hiyo iko mwanzo wa barabara ya Kola, ukitoka Machakos mjini, na katikati yake kuna shimo la zege ambamo fundi husimama akitengeneza gari kwa chini. Agosti ya mwaka 2001, nilipotoka shule ya bweni kwa likizo, nilikuta shimo hilo limepata kazi ya pili. Jioni, magari yakiondoka, binamu yangu Mumbua alishuka humo na ngoma zake: mapipa mawili ya oili, ndoo ya grisi, na vifuniko vya magurudumu vilivyoning'inizwa kwa waya. Ukingoni alisimama kaka yake, Kimeu, na gitaa la umeme lililonguruma kupitia spika za matatu iliyokufa. Kando yake alikuwa Bonface, mwanafunzi wa kuchomelea, ambaye alipiga besi na hakuongea. Bendi iliitwa Kutu.

Mimi sikujaliwa kipaji chochote, kwa hiyo nikawa mhakiki. Kila asubuhi niliandika kwa chaki kwenye geti yale ambayo umma ulikuwa umesema. Mama Kalekye wa kibanda cha chai alilalamika kwamba kelele zile zitamgandishia maziwa. Nikaandika: "Muziki wenye uwezo wa kugandisha maziwa." Dereva wa lori la mahindi kutoka Matuu alisema ni kama ng'ombe amefungiwa ndani ya tangi. Nikaandika: "Nguvu za ng'ombe! Mwangwi wa tangi!"

Mjomba hakuguswa na uhakiki huu. Jumatatu moja alifuta mikono kwa kitambaa, akatuita.

"Mapipa yangu yanarudi kuwekwa oili," alisema. "Shimo ni la magari."

"Asa, ni jioni tu," Mumbua akamwambia baba yake.

"Jioni ndiyo wateja wanakuja kuchukua magari. Wanafika wakishika masikio." Kisha, kwa kuwa yeye ni mzee wa kanisa na hupenda kuonekana mwenye haki, akaongeza: "Mtu mmoja, mwenye akili timamu, na asiwe ndugu yenu, akiniambia huo ni muziki, nitanyamaza. Mpaka Ijumaa."

"Mimi nasema ni muziki," nikamwambia.

"Wewe ni ndugu. Na hiyo akili bado tunaitafuta."

Mumbua alishuka shimoni akaanza kupangusa vifuniko, kimoja baada ya kingine, polepole, kama mtu anayemvisha mtoto nguo za safari. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na tangu nimjue sikuwahi kumwona akitaka kitu namna ile. Hapo nikaona kwamba chaki peke yake haitatosha.

Ijumaa ikafika bila mtu mwenye akili timamu kupita. Saa tisa hivi, Pejo kuukuu ikaingia ikikohoa, ekzosi ya kutolea moshi ikiburutika chini. Mlango ukafunguka, na mimi nikajificha nyuma ya tairi.

Alikuwa Mwalimu Laban wa Katangi, mwamuzi wa tamasha za muziki, tishio la shule zote za Ukambani. Mwaka uliotangulia kwaya yetu iliimba mbele yake kwa jasho na machozi. Alisimama, akarekebisha miwani, akasema: "Asanteni. Soksi zenu zinafanana." Akaketi. Tukawa wa mwisho.

Mjomba alichomelea ekzosi upesi, yeye na Bonface wakalisukuma gari hadi kivulini. "Wewe, angalia maji kwenye rejeta halafu ufunge boneti," akaniagiza, akaenda kunawa. Niliangalia maji. Nikaangalia pia distribyuta, inayogawa umeme wa plagi, nikafungua kifuniko chake, nikatoa rota. Ni kipande kidogo cha plastiki, kinaenea kiganjani, na bila hicho gari haliwaki hata likiombewa. Nikakitia mfukoni na kufunga boneti kwa adabu.

Mwalimu akawasha. Injini ikazunguka, ikazunguka, ikakataa.

"Imekunywa petroli mingi," Mjomba akasema kwa aibu. "Tuipatie nusu saa ikauke, Mwalimu."

"Nusu saa," Mwalimu akasema, akinitazama.

Nikajitokeza. "Mwalimu, ukisubiri, kuna bendi hapa. Mjomba anatafuta mtu wa kuamua kama ni muziki."

Nilidhani Mjomba angenitupia spana. Badala yake uso wake uling'aa. Alimjua Mwalimu Laban kwa sifa, na alijua kwamba baada ya mtu huyo kusema, hakuna atakayeuliza tena. "Ndiyo, Mwalimu," alisema. "Tumalize hayo maneno leo."

Mwalimu akaletewa kiti. Mumbua akateremsha mapipa shimoni bila kuniangalia. Akavining'iniza vifuniko kwa haraka hata vikalia kabla ya wakati. Kimeu akahesabu, wakaanza.

Sitadanganya kwamba ulikuwa wimbo mtamu. Gitaa lilikwaruza kama lango la mabati. Lakini kutoka chini ya ardhi ngoma zilipanda kupitia nyayo za viatu, na Kimeu akaimba kwa sauti ya mtu anayesukuma kitu kizito: "Fungua, ndugu yangu, fungua, tumetoka mbali." Maneno yalikuwa hayo tu, yakirudiwa, kila mara kwa hasira kidogo na upendo kidogo.

Wakamaliza. Mwalimu Laban akasimama. Akarekebisha miwani. Nikakumbuka soksi zetu.

"Gitaa," alisema, "uzi wa pili umeshuka. Besi, sikukusikia, labda ulinionea huruma. Mwimbaji, unapumua mahali pabaya." Akasogea ukingoni, akachungulia shimoni. "Na wewe wa ngoma. Unatangulia wenzako kama mtoto anayekimbia mbele ya mama yake sokoni, halafu unageuka kuona kama bado wanakufuata. Hicho kitu sijawahi kuweza kumfundisha mtu. Nani alitunga maneno?"

Mumbua akainua kichwa. "Ni Asa. Ndiyo maneno anaambianga nati ikikataa kufunguka."

Mjomba, aliyekuwa amekunja mikono, akaikunjua.

"Sasa, Mwalimu," akauliza, sauti ikiwa chini kidogo, "ni muziki?"

"Rudieni," Mwalimu akaiambia bendi, akaketi.

Asiyejua tamasha hataelewa uzito wa neno hilo. Mbele ya Mwalimu Laban hakuna aliyewahi kurudia. Kwaya moja iliomba kurudia kwa sababu kiongozi wao alizirai katikati ya ubeti, naye Mwalimu akakataa. Sasa Kutu wakarudia, na safari hii hata Bonface alisikika.

Walipomaliza, Mjomba alikohoa. "Mmekosea," akasema. "Mimi sisemangi 'tumetoka mbali'. Nasemanga 'twende nyumbani'."

"Tutarekebisha, Asa," Kimeu akasema. Mumbua alikuwa amelaza shavu juu ya pipa la oili.

Nilimsindikiza Mwalimu hadi kwenye gari kwa uso wa mtakatifu. "Nafikiri sasa imekauka," nikasema.

Akanyoosha kiganja. "Rota."

Nikaitoa. Hakukuwa na jambo lingine la kufanya.

"Nilikuona ukichukua," alisema. "Na niko na nyingine hapa kwenye dashibodi. Mtu wa Pejo hatembei na moja."

"Sasa mbona hukuenda, Mwalimu?"

"Mara ya kwanza nilibaki nione mwizi anataka nini." Aliipuliza rota vumbi, akairudisha mahali pake mwenyewe, kwa uangalifu. "Mara ya pili ni mambo yangu." Kabla ya kuondoka akachungulia dirishani, akatazama miguu ya Mumbua, aliyekuwa ametoka shimoni pekupeku. "Na hata soksi hana," akasema, kana kwamba hilo ndilo lililomshangaza zaidi.

Nilifuta geti lote. Nikaandika: "Mwamuzi alikuwa na rota ya pili, na bado akabaki."

Mjomba alikuja akasimama hapo, akasoma, akautazama mfuko wangu, akasoma tena. Nikajiandaa kukimbia.

"Ongeza hapo chini," akasema. "Kila jioni, kazi ikiisha. Na wateja wanakaribishwa."