Kabureta ya Mzee Mabruki

Injini iliwaka, ikakohoa mara tatu, ikatema moshi mweusi, kisha ikazima. Fundi Mfaume akaiachia hendeli na kujifuta jasho kwa kiwiko.

"Inakunywa kuliko inavyopumua," alisema. "Petroli inaizamisha."

Maua alikuwa amechuchumaa kando ya mkeka wenye spana na matambara, akilitazama gari kama mtu anayemuuguza mzazi. Lilikuwa Chevrolet ya mwaka 1928, mali ya marehemu baba yake, Mzee Mabruki, aliyepakia abiria wa Nzega na Igunga kabla watu wa mtaa wao wa Ng'ambo, hapa Tabora, hawajazoea kusikia honi. Tangu afariki, miaka minne iliyopita, lilisimama uani chini ya kibanda cha nyasi, na kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma.

Sasa mama yake, Bi Mwanahawa, alikuwa anahamia Kaliua kwa mwanawe mkubwa aliyefanya kazi kwenye reli. Alikwisha kusema neno lake: gari likiweza kufika Kaliua kwa magurudumu yake, litakwenda. Lisipoweza kabla ya mwezi wa mfungo kuandama, litapewa mafundi wa ndoo walikate mabati.

"Siwezi kuliacha hapa linyeshewe peke yake," alisema. Maua alijua kwamba huo haukuwa ukatili. Mama alikuwa anaogopa kuliona likioza.

Zilibaki siku tisa.

Kwa wiki mbili Maua na Mfaume walikuwa wameifungua injini kipande kwa kipande. Mzee Mabruki alikuwa na desturi moja. Kila chuma alichokifungua, kabla ya kukirudisha alikigonga kwa msumari nukta tatu ndogo, kwa sababu zamani aliwahi kuliacha gari kwa fundi mmoja, akarudishiwa likiwa na plagi za watu. Maua ndiye aliyekuwa akimshikia msumari. Kwa hiyo sasa kila kipande kilioshwa kwa mafuta ya taa, naye akakipapasa kwa ncha za vidole. Pistoni zote nne zilikuwa na nukta. Vali pia. Pampu ya maji haikuwa nazo, tena ilikuwa imepasuka. Mfaume akatafuta nyingine kwenye gari la umri na jina lile lile, lililokufa zamani huko misheni ya Wamoraviani. Kabureta tu, inayochanganya petroli na hewa, hawakuikagua. Waliikuta mahali pake, nyeusi kwa masizi, wakaisafisha ndani na kuirudisha.

"Fundi," Maua alinong'ona, "naomba tambara."

Akaisugua. Chini ya masizi palikuwa na chuma, si shaba aliyoikumbuka. Matundu ya bolti yalikuwa yamepanuliwa kwa tupa ili yaingie, na penye mwanya mtu alikuwa ameshindilia kipande cha ngozi ya kiatu. Nukta hazikuwapo.

"Hii si ya kwake."

Mfaume akainama, akatazama, akasonya. "Ya lori hii! Mimi siku zote namlaumu mgonjwa, kumbe koo si lake."

Bi Mwanahawa alikuwa kizingitini akipepeta mchele. Ungo ukasimama hewani. "Ile ya shaba? Mbona aliichukua Mayala siku ya matanga."

Wote wawili wakamgeukia.

Mayala alikuwa Msukuma wa Choma, mtani wa Mzee Mabruki aliyekuwa Mnyamwezi. Babu zao walibeba mizigo pamoja katika njia ya kwenda pwani, na utani ukabaki kwa wajukuu. Siku ile ya matanga aliingia amevaa koti la marehemu ndani nje, akamgombeza marehemu huyo kwa kuondoka bila kumaliza kahawa yake, kisha akaenda uani na kurudi na kitu ndani ya kitambaa. "Nimelikata gari koo!" alipiga kelele. "Anayelitaka aje alikomboe!" Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Kabla ya arobaini ilipasa waliofiwa wamfuate. Kwa uchungu, hakuna aliyekumbuka. Baadaye ami yake Maua akapachika ile ya lori, gari likamshinda, naye akanyamaza.

"Basi tumwandikie barua airudishe," Mfaume alisema.

Bi Mwanahawa alimtazama kama mtu aliyetukana. "Mtani arudishe mwenyewe? Hiyo ni kututangazia kwamba utani umekufa."

"Basi uende wewe, mama," Maua alisema.

"Mimi Mmanyema wa Ujiji. Sina utani naye. Utani anao mwenye damu ya Mabruki."

Maua akahisi macho yao yamemwangukia. Yeye, aliyenunua hata chumvi kwa kunong'ona, aende kumtania mzee wa umri wa baba yake?

Siku ya tatu yeye na mama yake walishuka kwenye basi huko Choma, na jogoo wa kukombolea ndani ya tenga. Mayala alikuwa ameketi mbele ya zizi, mwili mkubwa, kigoda hakionekani.

"Shikamoo, baba."

Mzee akageukia zizi. "Kuna mtu amesema, au ni huyo jogoo?"

"Shikamoo."

"Marahaba nawapa wageni. Wewe mgeni?"

"Nimekuja... kuomba kabureta."

"Kuomba! Binti, mimi nafuga ng'ombe, sifugi kabureta. Labda umepotea nyumba."

Bi Mwanahawa alitazama miguu yake mwenyewe. Hapo hakuwa na msaada. Maua aliwaona mafundi wa ndoo na mikasi yao mikubwa, wakianza na mlango ule ambao baba yake alimfungulia kila Ijumaa. Akaishusha kanga kutoka kichwani hadi mabegani.

"Sikushangai," alisema, na sauti yake ikamshtua mwenyewe. "Baba aliniambia. Siku alipolileta gari hapa mara ya kwanza, ulilibebea majani. Halafu ukainama chini kutafuta linapokamuliwa. Kumbe ndiyo maana ukachukua kabureta! Ulidhani ni kiwele. Miaka minne umekaa nayo na kibuyu mkononi, unangoja maziwa!"

Mayala akasimama polepole. Maua akashika mkono wa mama yake.

Kicheko kilianzia tumboni mwa mzee, kikapanda. Alijipiga mapaja, akacheka mpaka akajifuta macho, na kicheko kilipokwisha bado alikuwa anayafuta.

"Mabruki!" alisema. "Kumbe hukufa. Umejifunga kanga tu! Lakini miaka minne, enyi Wanyamwezi? Pwani nako mlikwenda kwa mwendo huo?"

"Tulichelewa kwa sababu mizigo yenu pia tuliibeba sisi."

Akaingia ndani akicheka, akatoka na furushi la ngozi ya ndama. Shaba iling'aa kwa samli. Maua akapitisha kidole: moja, mbili, tatu.

"Kila mwezi naipaka," mzee alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani hamtakuja."

Alifuatana nao hadi Tabora, eti ahakikishe Wanyamwezi hawaifungi kichwa chini. Mfaume aliiosha kwa petroli, akaifunga bila ngozi wala tupa, bolti zikaingia zenyewe. Akazungusha hendeli mara moja. Injini ikaunguruma taratibu, bila kikohozi, na uani kukanuka samli ya kuungua. Bi Mwanahawa alitoka jikoni na unga mikononi, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo muda mrefu.

"Fundi," alisema mwishowe, "wale kuku watafutie pa kutagia."

Siku ya safari walipakia vyungu, magodoro na ungo. Mayala alilizunguka gari akiwaaga, akainama kidogo dirishani, kisha akakimbia kama kijana.

"Mkitaka, mje Choma mkomboe!"

Mkononi alikuwa na mpira wa kubinyia honi.

Mfaume, aliyeshika usukani, alitaka kushuka. Bi Mwanahawa alimshika bega, akicheka kama Maua alivyokuwa hajamsikia tangu msiba. "Mwache. Sasa tuna safari ya kurudi."

Nje ya mji mbuzi walikuwa wamelala katikati ya barabara. Mfaume akatazama pale mpira ulipokuwa, akamtazama Maua. Maua akatoa kichwa na mabega nje ya dirisha, akavuta pumzi.

"Pisheni!" alipiga kelele. "Pisheni, Mzee Mabruki anapita!"

Na mbuzi wakapisha.