Sanduku la Nafsi Lililopandishwa Payawi

Nchi ya Halimbaya ilikuwa visiwa vilivyotapakaa baharini kama punje zilizomponyoka mpepetaji, na kila kisiwa kilikuwa na mlima, na kila mlima ulikuwa na ngazi za mashamba ya mpunga zilizochongwa na watu waliokufa kabla ya mtu yeyote kuwaza kuwatawala. Watawala walikuja baadaye, maana watawala hawana haraka ya kufika penye kazi. Hufika penye mavuno. Walitangulia Watu wa Kengele, wakawagawia wenyeji majina mapya na dhambi ambazo hawakujua kuwa wanazo. Wakafuata Watu wa Chaki, waliojenga shule za kufundisha watoto kuchora tufaha, tunda ambalo hakuna mzazi wao aliyewahi kulitia mdomoni, na mtoto aliyechora fenesi alichapwa. Hao nao walipoondoka, viti vyao vilikaliwa na wenyeji waliokwisha kuzoea viatu. Mkubwa wao alikuwa Gavana Orobante, mtu mnene wa sauti nyembamba, ambaye kwa kuogopa sumu alikula peke yake nyuma ya mlango wenye komeo.

Watu wa Chaki waliacha Sanduku la Nafsi. Lilikuwa sanduku la mbao, refu kama kabati, lenye kibao cha kukalia, kioo usoni pa mkaaji na kidirisha cha kupitishia maswali. Mtu aliingia peke yake, akafungiwa, akajitazama, akajibu. Aliyejibu kama watu wa Chaki alihesabiwa kuwa na nafsi kamili. Aliyejibu vingine alikuwa na nafsi pungufu, na sheria ilisema wazi kwamba mwenye nafsi pungufu hamiliki ardhi bali hutunziwa na serikali. Huko Halimbaya, ardhi iliyotunzwa na serikali iliota miwa ya Gavana.

Dalisaya alikuwa Mpimaji wa Nafsi. Alizaliwa Payawi, kijiji cha juu kabisa mlimani, akapelekwa ng'ambo angali msichana, akarudi na cheti na mwendo wa haraka. Gavana alipomtuma akawapime watu wa kwao, Dalisaya alijiambia kwamba ni heri wapimwe na damu yao, wala hakutaka kuliwaza jambo hilo zaidi ya hapo.

Askari walipandisha sanduku mpaka langoni. Payawi hawakuuliza mgeni jina lake wala cheo chake. Waliuliza, "Umekuja na nani?" na aliyeulizwa alimtaja mtu wa mwisho kula naye, hata kama mtu huyo alibaki mbali, kwa kuwa kwao aliyekula nawe hutembea nawe. Asiye na wa kumtaja alihesabiwa mgonjwa, mtu aliyedondosha nafsi yake njiani. Hakuachwa peke yake hata kidogo mpaka aje mtu yeyote aliyewahi kula naye amchukue. Kwingineko husemwa mla nawe hafi nawe. Watu wa Payawi wangeicheka methali hiyo mpaka wajishike mbavu.

Askari, watoto wa milima mingine, walitajana upesi wakapita. Dalisaya alisita, kisha akamtaja mpishi wa nyumba aliyopanga mjini, na uso ukamwiva kwa haya.

Upimaji ulikwenda vibaya. Wa kwanza kuingia sandukuni alikuwa shangazi yake, Lumina.

"Wewe ni nani?" Dalisaya aliuliza kidirishani.

"Mimi ni wa Sikata mama yako, na wa marehemu Tibaro aliyetuzibia mfereji ulipobomoka, na wa hawa wa ngazi ya chini wanaokunywa maji yetu."

"Nimekuuliza wewe."

"Ndio nakujibu."

"Je, wewe ni mvivu?"

"Mkiona hivyo, ni hivyo, bibi."

Wote walijibu hivyo. Walikubali kuwa wavivu, waoga, wasahaulifu, lolote lililoelekea kumpendeza mwulizaji, na kwa kanuni za sanduku kijiji kizima kilikuwa pungufu. Dalisaya aliumia. Ngazi ya tatu ilikuwa shamba la mama yake, Bi Sikata, na neno moja la Dalisaya mwenyewe lingeligeuza kuwa miwa.

Alimkuta mama anatwanga mpunga.

"Mama, mbona mnajijibia ovyo? Mtanyang'anywa mashamba!"

"Umetuuliza kupitia tundu, kama mgeni," Bi Sikata alisema bila kuuachia mchi. "Mgeni haambiwi ya moyoni, mwanangu. Hupewa jibu la kumstarehesha, akapewa na maji. Kwani huko walikokusomesha wenyewe hufanyaje? Hebu nawa, ule."

Dalisaya alinawa, akala kwa mkono kutoka jani moja na shangazi zake, akashinda nao mashambani mpaka mavuno yakaisha. Hakuuliza kitu. Majibu yalikuja yenyewe: jinsi maji yalivyogawanywa mwaka wa ukame, nani aliacha shamba lake likauke ili la jirani mjane linywe, nani hakufanya hivyo na aibu ile inavyomtafuna hadi leo. Akaona kwamba miaka yote alikuwa akipima adabu ya watu mbele ya mgeni na kuiita upungufu wa akili. Alilia, kisha akapeleka ujumbe mjini: sanduku haliwezi kuipima Payawi.

Gavana alipanda mwenyewe, amebebwa kitini, na hati ya kutwaa mashamba mfukoni, ikingoja tu pete yake iigonge muhuri.

"Umekuja na nani?" Bi Sikata alimwuliza langoni.

"Nimekuja mimi! Mimi ni Gavana!"

"Tunaona, mheshimiwa. Umekula na nani?"

"Mimi hula peke yangu."

Watu walitazamana. Mwanamke mmoja alishika mdomo. Hata wabeba kiti walishusha macho, kwa maana nao walikuwa na mama zao.

Orobante alidhani wametishika. Akalisogelea sanduku, akalipiga kofi. "Tazameni mtu kamili anavyokaa!" Akaingia, akaufunga mlango kwa mkono wake, akajitazama kiooni kwa kuridhika. Nje wanakijiji wakakaa kitako kulizunguka sanduku, Bi Sikata akauegemeza mgongo wake mlangoni. Mgonjwa haachwi.

Orobante alipochoka kujitazama alisukuma mlango, haukufunguka. Akaamuru askari. Walikuwa wanakula na Lumina, na kwa desturi ya milima yote hakuna ainukaye kwenye jani la watu kabla hawajamaliza. Akapiga kelele, "Dalisaya! Toa hukumu yako!"

"Sheria ni yako, mheshimiwa: mwenye nafsi pungufu hutunzwa," Dalisaya alijibu. "Nani aitwe mjini aje kukuchukua?"

Akauliza tena, kwa upole, maana alimwonea huruma kweli. Hakuna jina lililotoka.

Basi alipakua wali, akala tonge moja akimtazama, akaliweka bakuli kwenye kidirisha. Kila mtu pale alijua maana yake. Akila, amepata wa kumtaja, na mlango utafunguliwa. Lakini hakuna aliyewahi kumnyang'anya shamba mtu aliyekula naye, na pete yake ingekuwa bure. Asipokula, wataendelea kumkalia.

Mkono wenye pete ulitokeza kidirishani, ukasita juu ya bakuli, ukarudi ndani. Ukatokeza tena. Wali ulikuwa bado unatoa mvuke.