Maswali ya Kiti cha Kulia

Kwa miaka miwili alimsikia mumewe akijibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza.

Sauti ilipenya ukuta wa mbao uliokigawa chumba cha nyuma, huku mume na vyuma vyake, huku mke na cherehani yake. Kwanza kimya. Kisha, "Imefungwa." Kimya tena, cha kumtosha mtu kuvuta pumzi na kusema neno moja au mawili. Kisha, "Yanatosha." Kimya. "Zinawaka." Yeye ameinamia pindo la sketi ya mteja, pini nne zimebanwa midomoni, anatikisa kichwa peke yake. Siku moja alizitemea pini kiganjani akapaza sauti.

"Wewe! Unamjibu nani huko?"

"Nakujibu wewe," mume akasema kutoka upande wa pili.

Alicheka. Alidhani ni utani, na utani wenyewe aliuona hauna chumvi ya kutosha. Akazirudisha pini midomoni, akaendelea na pindo.

Sasa ulikuwa mwezi wa tatu tangu upande ule unyamaze kabisa. Moyo wa mumewe ulisimama mchana kweupe, kwenye kituo cha basi, akitoka dukani. Hospitali walimrudishia mke viatu, miwani, na mfuko wa skrubu ambao haujafunguliwa. Viatu aliwapa watu. Miwani aliiweka kabatini. Mfuko wa skrubu hakujua auweke wapi, ukabaki juu ya meza ya cherehani, kila siku anausogeza kidogo apate pa kukunjua nguo.

Ni yeye aliyeomba kile kitu kiondolewe. Alimpigia simu rafiki wa mumewe akamwambia, "Shemeji, njoo ukichukue. Siwezi kukaa chumba kimoja na kiti kitupu." Rafiki huyo watu walimwita Mizani, kwa kuwa miaka ishirini na sita alisimama kwenye mizani ya uwanja wa ndege akipima masanduku ya abiria. Mumewe ndiye aliyekuwa akiyapakia. Mizani alizungumza na mkuu wa chuo cha ufundi, wakakubali kukipokea, na asubuhi hii gari la mizigo lilikuwa limegeuza mgongo mlangoni, bodi lake la nyuma likiwa wazi.

Dereva aliingia, akasimama mbele ya kile kitu, akakizunguka.

"Mzee, uliniambia ndege, nikadhani utani. Nimeleta kamba za kabati."

"Funga na hizo hizo," Mizani akamjibu. "Haitaruka, usiogope."

Kilikuwa kichwa cha ndege kilichotengenezwa kwa plaiwudi, kikubwa kama kibanda cha mlinzi, kimepakwa rangi ya kijivu. Miaka yote ya kazi yake mumewe alizijua ndege kwa matumbo. Alijua mlango wa mizigo wa aina gani hukwama, na tumbo lipi humlazimisha mtu kutambaa. Mbele aliijua kwa kuitazama kutoka chini tu, vioo vya giza juu kabisa, na nyuma ya kioo, mara mojamoja, mkono wa mtu wenye saa. Alipostaafu akaanza kuujenga upande ule ambao hakuwahi kupanda. Usukani aliukata kwenye mabomba ya maji. Swichi zilikuwa zile zile za taa za ukutani, thelathini na moja, kila moja ina karatasi yake na jina lake. Nyaya alizichomelea kwenye kibodi kuukuu aliyoichana tumbo, kibodi ikaungana na kompyuta, na skrini tatu za mitumba zikawa kioo cha mbele. Humo alionekana akipaa na kutua, akivuka milima na maziwa, na akitoka alikuta chai yake bado ina mvuke.

Majirani walimwita Rubani wa Ubao. Jina hilo lilienea mtaa mzima, hata siku ya mazishi mtu mmoja alilitamka kwa huzuni ya kweli. Hakuna aliyekumbuka lilianzia wapi. Mke alikumbuka. Lilianzia hapa hapa, kwenye meza hii, mteja akijaribu gauni, naye akitafuta la kumchekesha.

"Kazi ya mtu mwenye mikono hii," dereva alisema sasa, akipapasa zile swichi. Kisha akachungulia ndani. "Lakini mama, mbona huyu wa kushoto amevaa na huyu wa kulia yuko uchi?"

Viti vyote viwili vilitoka kwenye magari mabovu. Cha kushoto kilivikwa koti la kazi la mumewe, lile la milia inayong'aa, limeshonwa kwa mkono na uzi mnene, mishono mirefu ya mtu anayefunga gunia. Cha kulia kilikuwa sponji tupu, ya manjano, iliyoanza kumeguka pembeni.

Mizani akakohoa, akainama ndani, akafungua kamba iliyoning'iniza kipande cha boksi kando ya kiti cha kulia.

"Hiki usiache kiende, shemeji. Huenda unakitaka."

Mke alikipokea kile kipande cha boksi akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Mwandiko aliujua. Mistari ilipishana, mmoja mwekundu, mmoja wa buluu.

*Fundi: Mikanda?*
*Rubani: Imefungwa.*
*Fundi: Mafuta?*
*Rubani: Yanatosha.*
*Fundi: Taa?*
*Rubani: Zinawaka.*

Iliendelea hivyo hadi chini. Alisoma bila kuketi. Majibu yote aliyajua kwa moyo, aliyasikia miaka miwili. Maswali ndiyo aliyokuwa akiyaona kwa mara ya kwanza.

"Fundi ni nani?" akauliza, ingawa katika nyumba ile mtu mmoja tu ndiye aliyeitwa hivyo, na aliyemwita hivyo hakuwapo tena.

Mizani alivua kofia. "Kwani hapa kuna fundi mwingine, shemeji? Marubani hukaa wawili. Wa kulia anasoma orodha, wa kushoto anaangalia na kujibu. Mmoja akiisoma peke yake, anaruka jambo. Ndivyo alivyonieleza, na mimi nilimwamini, ningemjibu nini? Mimi ni mtu wa mizani." Alitabasamu kidogo, tabasamu likakosa pa kukaa. "Jumamosi, ukienda kupeleka nguo za wateja, nilikuwa nakuja. Nakaa hapo kwenye sponji nakusomea mistari yako. Nikamwambia, basi andika jina langu. Akakataa. Akasema orodha ya ndege haibadilishwi ovyo. Kwa hiyo kila Jumamosi nimeitwa Fundi, mtu mzima na ndevu zangu."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine nini?"

"Siku ambazo si Jumamosi. Nilikuwa namsikia. Nani alikuwa anamsomea?"

Mizani alitazama kofia yake. "Siku nyingine alikuwa anakuachia nafasi."

Nje dereva alikuwa akiburuta kamba sakafuni mwa gari. Mke alisimama na boksi mkononi, na siku moja ikamrudia yote. Mume alikuja mlangoni mwa upande wake, mikono imepakaa rangi ya kijivu hadi kwenye viwiko, akasema, "Fundi, njoo ukae dakika moja tu. Kimebaki kiti chako." Alikuwa na sare za wanafunzi za kumaliza, na meneja wa hoteli moja alikuwa amepiga simu mara mbili kuulizia nguo zake. Hakuinua macho. "Mimi nina kazi za watu wanaokwenda kweli," alimwambia. Mume akasema, "Haya," polepole, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka, na baada ya muda mfupi swichi zikasikika zikizimwa, moja, moja, moja. Hakumwita tena. Alichofanya kesho yake ni kuleta kitambaa, dreli ya buluu iliyokoza, akaiweka kwenye rafu yake na kusema, "Hiki hakina haraka."

Na kweli hakikuwa na haraka. Kilikaa pale miaka miwili. Alikihamisha akitafuta bitana, akakihamisha akitafuta zipu.

"Shemeji," alisema, "mwambie dereva asubiri."

"Ana safari nyingine saa nane."

"Basi muda anao."

Alikishusha kitambaa. Alipokikunjua, karatasi ndogo ilidondoka kutoka katikati ya mikunjo. Ilikuwa na mchoro wa kiti na vipimo kwa inchi, mgongo, kalio, pembeni, na chini yake, *Mfuko wa kuwekea orodha, upande wa kushoto, ukipata nafasi.* Alivisoma vipimo na kitu kama kicheko kikampanda kifuani kikafia hapo. Mumewe alipima kama seremala, mwisho wa kiti ndio mwisho wa kitambaa. Hakuacha nafasi ya mshono. Miaka thelathini na mbili ya kuishi na fundi wa nguo, na hakuacha nafasi ya mshono.

Kisha akaona kona. Kona moja ya kitambaa haikuwapo, imekatwa mraba safi wa mkasi. Akakumbuka. Ilikuwa kaptula ya mtoto wa mteja, mfuko wa nyuma ulichanika, na yeye akatazama rafuni kutafuta rangi inayokaribiana. Alikata bila hata kukikunjua chote. Angekikunjua, karatasi ingedondoka siku ile.

Alipima upya kwa futi yake ya kamba, akipiga magoti mbele ya sponji, akichora chaki. Kitambaa kilipungua, kwa hiyo aliunga kipande mgongoni, mshono ukashuka katikati kama uti. Cherehani ilianza. Mizani na dereva walikaa kizingitini wakisikiliza, na dereva akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, tunapeleka kiti chuoni au harusini?" Mizani akamwambia, "Nyamaza, kijana," na dereva akanyamaza.

Alishona mgongo, akashona kalio, akatia lastiki chini. Mwisho akakata mfuko, akaukunja mdomo mara mbili ili usichanike, akaubandika upande wa kushoto. Alipokata uzi wa mwisho kwa meno alitazama saa ya ukutani, si kwa kuwa alitaka kujua, ni mazoea tu ya fundi anayemaliza kazi. Dakika arobaini.

Akaitazama tena, asije akawa amekosea kuisoma. Arobaini. Chini ya muda anaokaa mlangoni na mteja anayeaga.

Kiti hakivikwi nguo bila kusukumana nacho. Aliingia ndani ya kile kichwa cha ndege kwa mara ya kwanza tangu kijengwe, akapiga goti juu ya sponji, akavuta kitambaa huku na huku, akalazimisha pembe ziingie. Mshono ulipokaa sawa aligeuka ili atoke, na badala ya kutoka akajikuta ameketi.

Kilimtosha. Usukani ulikuwa pale ambapo mikono yake iliishia. Mbele palikuwa na skrini tatu nyeusi, na katika ile ya kati aliona umbo lake na, kando yake, koti la milia lililokaa peke yake. Kulia, mkono wake ukagusa ukuta wa mbao. Ukuta huo aliutaka yeye, vumbi la msumeno lisichafue nguo za watu. Upande wa pili, alipiga hesabu ya chumba kichwani, ndipo hasa ilipokuwa cherehani. Miaka miwili alikuwa amekaa hapa hapa, ubavuni mwa kiti hiki. Kilichowatenganisha ni ubao mmoja tu.

Aliingiza orodha katika mfuko mpya. Ikaingia barabara.

"Hubaki nayo?" Mizani aliuliza.

"Hao wanafunzi watasoma nini?"

Walikitoa kwa taabu, wakikiinamisha mlangoni, Mizani akitoa amri za mtu aliyepakia maisha yake yote ingawa alikuwa akipima tu. Mke alibeba skrini moja moja, amezifunga kwa vitambaa vyake. Mwisho alirudi ndani, akauchukua mfuko wa skrubu, akampa Mizani dirishani mwa gari. "Na hizi. Alikuwa anakwenda kukazia kitu. Watajua wao ni nini."

Dereva alipanda nyuma kuvuta kamba kwa mara ya mwisho. Mke alisimama mlangoni, mabaki ya uzi wa buluu yameshika kwenye gauni lake, na sauti ikamtoka kabla hajaiamua.

"Mikanda?"

Dereva hakujua ameulizwa nini. Alitazama kamba zake, akazipiga kwa kiganja. "Imefungwa, mama."

Katika kiti cha abiria Mizani aliacha kufunga mlango wa gari.

"Milango?"

Dereva aliruka chini, akasukuma bodi la nyuma, akatia komeo mbili. "Imefungwa."

"Taa?"

"Zinawaka, mama, nimeziangalia asubuhi." Sasa dereva alikuwa akicheka, kijana aliyefurahi kwamba kuna mtu anayejali usalama wake. Aliingia ndani, akawasha injini, akatoa kichwa dirishani. "Bado lingine?"

Lilikuwepo lingine, la mwisho kabisa, jekundu, chini ya ukurasa. *Fundi: Tuondoke?* Mbele yake, kwa buluu, jibu lilikuwa neno lile lile bila alama ya kuuliza.

Dereva alingoja. Mizani naye alingoja, macho yake kwenye magoti. Mke alilibana neno lile midomoni kama anavyozibana pini, akatikisa kichwa kwamba hapana, hakuna lingine, na gari likaanza kusogea, koti la milia likimeta nyuma ya plaiwudi, na kando yake kiti cha buluu, kipya, kikimtazama mpaka kona.