Mistari ya Zambarau ya Ogwal

Mama Ayot aliingia katika duka la uchapaji la Nasif, pale Kansanga, akiegemea fimbo, kwapani amebana karatasi kubwa iliyoviringwa. Ilikuwa ramani ya nyumba. Afisa wa ujenzi alikuwa ameirudisha kwa neno moja tu: haisomeki.

Bibiane, mhudumu wa duka aliyekuwa mchoraji wa ramani Bukavu kabla vita havijamsukuma Kampala, aliitandaza mezani. Kweli haikusomeka. Kuta, milango, vitanda, hata vipimo, vyote vilikuwa na mistari ya unene mmoja, kama nyuzi zilizochezewa na paka.

"Nani aliichora, mama?"

"Mume wangu, Ogwal. Alikuwa akichora majengo ya polisi. Ametutoka mwezi wa pili." Akafungua fundo la leso, akatoa flashi. "Kwenye kompyuta yake ilikuwa safi, ya rangi rangi. Kila duka nikienda inatoka hivi."

Bibiane alifungua faili, akaelewa papo hapo.

"Mchoro hauna kosa. Mzee alitumia rangi kama majina ya kalamu. Nyekundu ni kalamu nene, ya ukuta. Kijani ni nyembamba. Jedwali la kuiambia mashine hayo limebaki kwenye kompyuta yake."

"Ile ilikuwa ya kazini. Waliichukua."

Nasif, mwenye duka, alisikia. "Bibiane, chapa nyeusi tupu, nyabo huyu, mama wa watu, aende zake. Watu wanangoja."

"Nyeusi tupu ndiyo hii iliyokataliwa, bosi. Nipe saa moja."

Nasif alimtazama mama alivyosimama akiegemea mguu mmoja. Akamsogezea kiti. "Saa moja," akasema.

Bibiane alianza jedwali jipya. Rangi zote aliziagiza zitoke nyeusi, maana njano kwenye karatasi nyeupe hupotea. Kisha akazipa unene moja moja: nyekundu nusu milimita, njano ya milango nusu ya hapo, kijani ya vitanda na meza nyembamba zaidi. Kila mara alichapa kwenye karatasi ndogo, akaikagua, akarekebisha.

Ikabaki zambarau. Mistari yake ilikuwa michache, imetawanyika: mlangoni, chooni, kando ya kitanda. Aliikuza kwenye kioo cha kompyuta. Mbele ya mlango palikuwa na mteremko badala ya ngazi. Chooni, vyuma vya kushikilia.

"Mama, nyumbani kuna mtu asiyeweza kupanda ngazi?"

Mama Ayot alijigusa nyonga.

"Ni mimi. Nyonga hii ina miaka mitatu. Lakini Ogwal sikumwambia, naye alikuwa mgonjwa. Nilikuwa nangoja alale ndipo nishuke ngazi kwa makalio, kama mtoto."

"Alijua, mama. Njoo uone."

Mama alisogea, akaweka kidole juu ya kioo, akafuata vile vyuma kimoja baada ya kingine. Machozi yalimtoka bila sauti. Bibiane alimshika bega.

"Mtu huyu!" mama akasema mwishowe. "Alininyamazia, nikamnyamazia."

"Hii niipe kalamu gani?"

"Nene! Hata kipofu aione."

Bibiane alicheka. "Ikinenepa sana fundi atadhani ni ukuta. Nitaipa ya katikati, naye ataiona vizuri."

Mashine ilinguruma, ikatoa karatasi taratibu. Kuta zilisimama wazi, vitanda vikatulia ndani yake, na mteremko ukaonekana mlangoni bila mtu kuuliza. Nasif aliinua karatasi kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hilo jedwali umelihifadhi?"

"Nimelihifadhi. Nimeliita Ogwal."

"Basi litie na kwenye mashine ile nyingine."

Wiki mbili baadaye mama Ayot alipiga simu. Ramani ilikuwa imegongwa muhuri, na mafundi walikuwa wakichimba msingi huko Kasubi. Alitaka nakala mbili zaidi, moja ya fundi mkuu, moja yake mwenyewe.