Nusu ya Serikali

Mama Sheryl alitaka chumba. Hilo lazima lijulikane kwanza, kwa sababu kila nilichofanya nilikifanya kwa ajili ya chumba hicho.

Jina lake hasa ni Nakhumicha, lakini katika shamba la maua tulikofanya kazi, nje ya Kitengela, hakuna aliyemwita hivyo. Alikuja Septemba 2005 pamoja na wenzake tisa ambao hawakuwa wamewahi kushika waridi. Wakati huo serikali ilikuwa na mpango: mwajiri akichukua mtu mpya na kumfundisha kazi, serikali inalipa nusu ya mshahara wake kwa miezi sita. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wao. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na diploma ya kilimo cha maua, na nilikuwa naona haya kumwambia mtu wa umri wa mama yangu mdogo kwamba amekosea.

Siku ya kwanza, Bwana Ngui, aliyesimamia mambo ya wafanyakazi, aliwapanga mstari karibu na tangi la maji.

"Wenye watahitimu wataandikwa permanenti," alisema. "Na mtu wa permanenti anapewa chumba huko nyuma."

Alielekeza kidole kwenye safu ya vyumba vya mawe. Wenzake walimtazama Ngui. Mama Sheryl alitazama vyumba.

Baadaye aliniambia sababu. Alikuwa akiishi Kitengela katika chumba kimoja na wanawake wengine wawili, na binti yake wa miaka minane alikuwa Webuye kwa nyanya yake, ambaye wote walimwita kukhu. "Kukhu macho yamekwisha," alisema. "Mtoto ndiye anampikia. Shule zikifunguliwa Januari nataka Sheryl awe hapa na mimi. Dada yangu atamchukua kukhu. Kile sina ni mahali pa kumlaza huyu mtoto."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kueleza. Unachukua ua, unaangalia kama kichwa kina doa, unalilaza kwenye meza yenye alama za urefu, sentimita hamsini, sitini, unaliweka pamoja na ya kimo chake mpaka yawe kumi, unafunga. Ugumu ni kufanya hivyo haraka, umesimama, kuanzia asubuhi.

"Mama Sheryl, hayo maua unayapima ama unayaombea?" Wahu alimuuliza wiki ya pili. Wahu alikuwa msichana wa Ngong, mdogo kuliko wote, na mdomo wake haukupumzika.

"Nayaombea. Yakifika kwa mzungu, amkumbuke Wahu, bado hajaolewa."

Meza nzima ilicheka. Lakini kufika Novemba hakuna aliyemcheka tena. Alikuwa amewaacha wote nyuma, na wiki ya kwanza ya Desemba alinipita hata mimi. Nilisimama kando yake saa nzima, na sikuona ua hata moja lililowekwa mahali pasipo pake.

Fomu ya serikali ilisema mkufunzi anaweza kuthibitisha kwamba mtu amehitimu hata kabla ya miezi sita kwisha. Nilisoma sehemu hiyo mara mbili. Akihitimu Desemba, ataandikwa Desemba, atapata chumba kabla ya shule kufunguliwa. Sikumuuliza mtu yeyote. Nilitia sahihi. Nakala moja ilienda kwa ofisi ya kazi Kajiado, nyingine kwa Ngui, na cheti nikampa mwenyewe wakati wa chakula.

Alikisoma amesimama, kisha akaketi kwenye nyasi akakisoma tena. Githeri yake ilipoa.

"Mungu akuweke, madam," alisema. "Sasa naweza kuambia kukhu afunge nguo za mtoto."

Siku mbili baadaye Ngui aliniita ofisini.

"Eva, umefanya nini?"

"Mama Sheryl amejua kazi. Ndiye wa kwanza."

"Kwani mimi sina macho? Najua amejua." Hakupandisha sauti. "Shida ni umeandikia serikali. Serikali inalipa nusu ya mtu mwenye anafundishwa. Akishajua, nusu imekwisha. Sasa huyu mama ni wangu mzima."

"Lakini ulisema wakihitimu wataandikwa."

"Wakihitimu Februari, na kukiwa na nafasi. Leo nikitoka hapo geti napata mtu mpya wa nusu. Wewe ulisomea maua, Eva. Mimi nilisomea hesabu. Mwambie anamaliza Ijumaa."

Nilisema sawa. Nilijisikia nikisema sawa. Kisha nikarudi mezani nikamwonyesha Wahu jinsi ya kufunga maua kwa mpira bila kukwaruza mashina, na mikono yangu ikafanya kazi hiyo vizuri kabisa, kama mikono ya mtu mwingine. Mama Sheryl aliniuliza kama ni kweli vyumba vya nyuma vina taa za stima. Nilimwambia sijui.

Siku iliyofuata, Alhamisi, niliomba ruhusa nikaenda Kajiado. Askari mlangoni alinisalimu, "Supa," nami nikaitika, "Ipa." Kimaasai changu kinaishia hapo. Ndani nilimkuta afisa aliyeitwa Dinah, mwanamke mpole mwenye sweta ya kijani, na faili yetu alikuwa nayo karibu.

"Nataka kurudisha fomu," nilimwambia.

"Iko na makosa?"

"Nilisaini mapema."

"Kwa hivyo huyu mama hajui kazi."

"Anajua."

"Basi fomu iko sawa, dada."

Nikamweleza yote, hata habari ya chumba. Alisikiliza mpaka mwisho. Sidhani kama alikuwa mtu mbaya.

"Nikitoa hii karatasi kwa faili lazima niweke ingine," alisema. "Leta barua. Useme ulikosea, huyu mama hajui kazi. Yeye mwenyewe asaini hapo chini, na cheti kirudi. Ataendelea kulipiwa nusu mpaka mwisho wa Februari."

"Na baada ya Februari?"

Dinah alifunga faili. "Hiyo uliza mwajiri wako."

Nilifika kwa Mama Sheryl jioni hiyo akianua nguo. Niliongea haraka, nikitazama chini, bila kuruka lolote. Nilingoja anitukane. Ingekuwa afadhali.

"Kwa hivyo kosa langu ni kujua haraka," alisema.

"Kosa ni langu. Nisamehe, Mama Sheryl."

"Ningejua polepole ningebaki."

"Ndiyo."

Alikunja shuka aliyokuwa ameishika, pembe kwa pembe. "Wewe ni mtoto," alisema, na hakukuwa na hasira ndani yake. "Uko na kalamu?"

Tuliketi kwenye kizingiti. Mimi niliandika, yeye aliniambia ya kuandika.

"Andika navunja vichwa."

"Hujawahi kuvunja kichwa hata kimoja."

"Andika tu. Sema siwezi kutofautisha sitini na hamsini. Sema niko polepole." Aliinama kusoma juu ya bega langu. "Hapo umeweka 'wakati mwingine.' Toa. Weka 'kila siku.' Serikali haitaki mambo ya wakati mwingine."

Alicheka kidogo, nami nikacheka kwa sababu yeye alicheka. Kisha akatia sahihi. Cheti alikuwa amekinunulia mfuko wa plastiki. Alikitoa akanipa, mfuko akabaki nao.

Tukatembea pamoja hadi kwenye simu ya jamii kando ya barabara. Alimpigia jirani wa kukhu, akangoja mtoto aitwe.

"Sheryl? Ndiyo, ni mimi. Mwambie kukhu asifunge nguo. Hapana, si Januari. Hata Februari, hapana." Alisikiliza. "Kwa sababu mama bado hajajua kazi. Mwalimu anasema bado."

Akanigeukia, mkono juu ya simu. "Anauliza kama unanichapa."

"Mwambie hapana."

"Anasema hapana," alimwambia mtoto. Akasikiliza tena, muda mrefu kuliko ule tuliokuwa tumelipia. "Mtoto anasema nikae karibu na mwenye anajua."

Ijumaa nilipeleka barua Kajiado. Ngui alifurahi, akaniagizia soda. Jumatatu Mama Sheryl alirudi mezani. Alifanya kazi polepole, kama barua ilivyosema, nami nikawa napita nyuma yake nikiandika kwamba bado hajajua.